Usiku Ulikuwa Shwari

Mhadhara uliotolewa Kanzenze, Wilaya ya Rubavu, mbele ya wauguzi, wakunga, washauri wa afya wa vijiji na wakazi

Nashukuru kwamba mmenikubalia niseme Kiswahili, lugha niliyoiokota sokoni kati ya Gisenyi na Goma kabla sijajua kusoma, na ambayo tangu mwaka 2017 nchi yetu imeihesabu miongoni mwa lugha zake rasmi.

Nitaanza na jambo nililolificha kwa miaka mingi. Nilikuwa muuguzi kijana, zamu ya usiku, wodi ya watoto, katika hospitali ambayo sitaitaja. Mtoto wa miaka miwili alikuwa ameletwa na malaria kali, damu imempungua hadi viganja vimekuwa vyeupe, nasi tulikuwa tunangoja damu ya kumwongezea. Saa nane usiku baba yake aliingia, akinuka pombe ya ndizi, akauliza kwa nini mwanawe hajapewa damu. Nilimjibu bila kumtazama, macho yangu yakiwa kwenye dripu ya mtoto wa kitanda cha pili: "Inakuja." Alikuwa amekwisha kulisikia neno hilo mara tatu tangu jioni. Kofi lilinipata sikio la kushoto, likavuma hadi alfajiri. Abarwaza, wale mama wanaolala sakafuni kando ya vitanda vya wagonjwa wao, waliamka wakaingia kati. Nilikwenda kunawa uso, nikarudi, nikaendelea na dripu. Damu ilifika saa kumi. Mtoto alipona.

Asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu, nilifungua daftari nikaandika: "Wagonjwa 31. Waliopokewa 4. Vifo 0. Usiku ulikuwa shwari."

Hakuna aliyenilazimisha. Hakuna aliyenitisha. Niliandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, wala sikuona kwamba nimesema uongo. Baadaye nilifundisha uuguzi kwa miaka mingi, na kila darasa niliuliza swali lilelile: nani hapa amewahi kupigwa, kusukumwa, kutemewa mate au kutukanwa kazini, kisha akaandika kwamba zamu ilikuwa shwari? Kwanza huinuka mkono mmoja, nao huinuka nusu, kiwiko kikiwa bado mezani. Kisha wenzake wanamtazama, nao wanainua yao.

Basi sikuja kuwashitaki wagonjwa. Nimekuja kuzungumza juu ya kupima. Sisi ni watu wa kupima. Mkulima wa Kanzenze anajua alivuna magunia mangapi ya viazi msimu uliopita na mangapi yalioza. Kila mtoto hapa amewahi kuning'inizwa kwenye mizani na namba yake ikaandikwa kwenye kadi. Kituo cha afya hupeleka taarifa ya kila mwezi: wajawazito waliohudhuria, chanjo zilizotolewa, homa zilizopimwa. Tangu mwaka 2006 nchi yetu imekuwa ikilipa vituo vyake vya afya kwa kuangalia kazi iliyohesabiwa, kwa hiyo tunafahamu vizuri kwamba kinachoandikwa hufuatwa na fedha na watu, na kisichoandikwa hubaki nyuma. Kofi halijawahi kupata mstari wake.

Nisiseme kwamba hakuna aliyejaribu. Kati ya mwaka 2007 na 2008 Rwanda ilifanya jambo ambalo nchi chache za Afrika zilikuwa zimelifanya: iliwauliza watumishi wake wa afya, kwa utaratibu wa kitafiti, yanayowapata kazini. Wizara ya Afya ilishirikiana na watafiti, wakachagua kwa kura vituo 44, wakawahoji watumishi 297. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 na Newman, de Vries, Kanakuze na Ngendahimana. Asilimia 39 walisema wamefanyiwa ukatili wa aina fulani kazini ndani ya mwaka mmoja uliotangulia. Utafiti ulionyesha pia jambo ambalo wengi hawakulitazamia: pale ambapo wanawake na wanaume walitendewa sawa kazini, uwezekano wa mtumishi kufanyiwa ukatili ulikuwa mdogo zaidi.

Asilimia 39. Nimeitumia namba hiyo darasani mara nyingi, na kila mara nimeona wanafunzi wakiinakili kama watu wanaonakili kipimo cha dawa. Nikawaambia waweke kalamu chini. Namba ni kama mgonjwa. Haitoshi kujua jina lake, lazima uiulize imetoka wapi. Hii ilikuwa ya watumishi wote wa afya, na wauguzi ni sehemu yao tu. Iliwajumuisha waliotukanwa na mkuu wao pamoja na waliotukanwa na mgonjwa. Ilitegemea kumbukumbu ya miezi kumi na miwili, na kumbukumbu ina tabia yake: muuguzi atalikumbuka kofi la miaka miwili iliyopita na kulisogeza liwe la mwaka jana, lakini tusi la juzi amekwisha kulisahau kwa sababu jana kulikuwa na jingine.

Sasa chukueni namba nyingine. Mwaka 2019 kundi la watafiti lilikusanya pamoja tafiti 253 kutoka duniani kote, zenye washiriki 331,544, wakiangalia tu vurugu zinazofanywa na wagonjwa na wageni dhidi ya watumishi wa afya. Walipata kwamba asilimia 61.9 walikuwa wamekumbana na vurugu ya aina yoyote, na asilimia 24.4 walikuwa wameshambuliwa mwilini ndani ya mwaka mmoja. Mtu mwenye haraka ataziweka namba hizo mbili kando kwa kando, 39 na 61.9, aseme Rwanda ina afadhali. Hawezi kusema hivyo. Moja imeuliza juu ya kila mtu anayeweza kumuumiza mtumishi, nyingine juu ya wagonjwa na wageni peke yao. Moja imetoka katika nchi moja yenye adabu ya kunyamaza, nyingine imechanganya Australia na Uchina na Uturuki katika chungu kimoja. Ni kama kulinganisha magunia ya viazi na madebe ya maharage kwa sababu vyote vimehesabiwa.

Hapo ndipo neno "kupima" linapoanza kuwa gumu, nami naomba mnivumilie, kwa sababu ugumu wenyewe unaanzia kwenye maneno.

Nilipokuwa nikiwasaidia wanafunzi kuandaa dodoso, tulitafsiri swali la kwanza kwa Kinyarwanda tukitumia neno ihohoterwa, yaani kutendewa ukatili. Muuguzi mmoja mkomavu alilisoma, akatikisa kichwa: hapana, mimi sijawahi. Tukashangaa, maana tulimjua. Tukamuuliza kwa njia nyingine: katika mwezi huu, kuna mtu amekutukana ukiwa zamu? Akacheka kwa uchungu akasema, mwezi huu au leo? Kumbe neno ihohoterwa, kwa miaka ya kampeni na mabango, limefungamana na ubakaji na vipigo vya majumbani. Ukimuuliza muuguzi kama amefanyiwa ihohoterwa, anasikia swali jingine kabisa, na anakujibu kwa heshima: hapana. Kiswahili nacho kina mtego huohuo. Sema "ukatili", msikilizaji anamalizia mwenyewe "wa kijinsia". Sema "vurugu", anaona umati na mawe. Sema "unyanyasaji", anamfikiria bosi. Tusi la mgonjwa aliyengoja tangu asubuhi halina nyumba katika neno lolote kati ya hayo.

Dawa yake ni kuacha majina makubwa na kuuliza vitendo. Watafiti wa Murcia, Hispania, walifanya hivyo katika kazi waliyoichapisha mwaka 2013. Waliwauliza wauguzi 1,489 wa hospitali 11 za umma, na kipimo walichokitoa kina sentensi fupi kumi tu: saba za maneno na matazamo, tatu za mwili. Wanakasirika nami kwa sababu ya kuchelewa. Wananitazama kwa jicho baya. Wananilaumu kwa kila kitu kidogo. Wamenishika au kunisukuma. Muuguzi hahitaji kujiita mwathirika ili ajibu. Anahitaji kukumbuka tu. Napenda sana namna hiyo, kwa sababu inamwondolea mtu mzigo wa kuhukumu kabla ya kusimulia.

Hata hivyo kipimo cha Murcia hakiwezi kubebwa kikaletwa Rubavu kama sanduku la glavu. Kilitungwa kwa wodi za kule, si za kwetu. Dodoso lililotungwa kwa pamoja na Shirika la Kazi Duniani, Shirika la Afya Duniani, baraza la kimataifa la wauguzi na shirikisho la wafanyakazi wa umma, likatumika tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika nchi kama Msumbiji na Afrika Kusini, nalo huuliza kama aliyekushambulia ni mgonjwa, jamaa wa mgonjwa, mfanyakazi mwenzako, au mtu wa nje. Umurwaza yuko wapi hapo? Umurwaza si mgeni. Anapika, anafua, anamgeuza mgonjwa ubavu, anaamka usiku kukuita dripu ikiisha. Bila yeye wodi zetu zisingesimama hata siku moja. Na kwa niliyoyaona mimi, yeye ndiye mtulizaji wa kwanza. Waliosimama kati yangu na yule baba walikuwa abarwaza, tena wa wagonjwa wengine. Tukimweka kwenye kapu moja na "wageni", tutapata hesabu inayomsingizia mtu anayetulinda, na tutafunga mlango ambao ungepaswa kubaki wazi.

Kuna pia mgonjwa mwenyewe. Mama mwenye kifafa cha mimba anatupa mikono, anampiga mkunga kifuani. Kijana mwenye malaria iliyopanda kichwani anauma. Mzee ambaye sukari imemshuka anarusha chupa. Je, hivyo vihesabiwe? Nimewasikia wauguzi wazuri, wenye huruma, wakisema hapana, huyo hakukusudia, kumwandika ni kumwonea. Nawaelewa, na bado nasema viandikwe. Mbavu zilizopigwa hazijui kama mkono ulikusudia. Na kuna hatari moja inayonikosesha usingizi: muuguzi ana sindano mkononi, mgonjwa anarusha teke, sindano inamchoma muuguzi. Tukio hilo huandikwa mahali pamoja tu, kwenye orodha ya ajali za sindano. Teke limetoweka. Na ikiwa muuguzi aliona haya kusema chochote, basi hata ajali imetoweka, na saa zinakwenda, ilhali dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea inapunguza nguvu yake. Kwa hiyo tuandike, na kando yake tuweke safu inayouliza: alikuwa na fahamu zake? Safu hiyo inamtendea haki mgonjwa kuliko kunyamaza, kwa sababu dawa ya homa ya kichwani na dawa ya hasira ya kungoja ni tofauti, nasi tusipozitenga tutampelekea mlinzi mgonjwa aliyehitaji sukari.

Wenzetu wa wodi za akili wametangulia kwa mbali. Mwaka 1987 Palmstierna na Wistedt, nchini Uswidi, walitunga fomu ya kuandika kila tukio mara linapotokea, badala ya kungoja mtu aulizwe mwisho wa mwaka. Fomu hiyo, iliyorekebishwa baadaye, ina safu tano: nini kilitangulia, kilitumika nini, nani alilengwa, kulikuwa na madhara gani, na nini kilifanywa kulituliza. Norway nako, katika hospitali ya Brøset mjini Trondheim, waliona kwamba vurugu nyingi huja na dalili zake, kama mvua ya milimani. Wakaorodhesha sita: kuchanganyikiwa, kuudhika upesi, kelele, vitisho vya maneno, vitisho vya mwili, na kushambulia vitu. Muuguzi anaziangalia kila zamu na kuweka alama. Hiyo nayo ni kupima, na ni kupima kabla ya kofi.

Turudi kwenye hesabu, kwa sababu hata fomu nzuri inaweza kuzaa namba mbaya. Tuseme wodi ya kwanza imeandika matukio 12 kwa mwezi, wodi ya pili manne. Mkuu wa hospitali atamwita nani ofisini? Lakini wodi ya kwanza ilikuwa na siku za wagonjwa 900 mwezi huo, ya pili 200. Gawanya: ya kwanza ina tukio moja na theluthi kwa kila siku 100 za wagonjwa, ya pili ina mawili. Yenye matukio machache ndiyo yenye moto. Ukitaka kwenda mbali zaidi, gawanya kwa saa za zamu, maana muuguzi mmoja aliye peke yake na wagonjwa 30 usiku na wauguzi wanne wa mchana hawasimami mbele ya hatari ileile.

Nami sasa nafika kwenye jambo lililonileta. Uswidi, katika utafiti wa Arnetz na Arnetz uliochapishwa mwaka 2000, sehemu 47 za kazi za afya ziliandika matukio ya vurugu kwa mwaka mzima kwa fomu ileile. Nusu yake waliandika tu. Nusu nyingine waliandika, kisha wakakaa pamoja na kuyajadili. Mwaka ulipoisha, waliojadili walikuwa na matukio mengi zaidi, kwa kiasi cha asilimia 50. Naomba mkae na hilo kidogo. Watu waliopewa nafasi ya kuzungumza ndio walioonekana kuwa na hali mbaya zaidi. Je, mazungumzo yaliwachochea wagonjwa? Watafiti wenyewe waliona kwamba wauguzi walianza kuyatambua mambo waliyokuwa wakiyapita. Macho yalifunguka, namba ikapanda.

Marekani, mwaka 2015, Arnetz na wenzake walilinganisha yale watumishi wa mfumo mkubwa wa hospitali waliyoyasema kwenye dodoso na yale waliyokuwa wameyaandika kwenye kumbukumbu rasmi. Asilimia 62 ya waliojibu walikuwa wamefanyiwa vurugu angalau mara moja katika mwaka. Kati ya hao, asilimia 88 hawakuwa wameandika chochote. Hapo ni mahali penye kompyuta kila kona na mwanasheria kila ghorofa. Fikirieni kwetu, penye daftari moja la makabidhiano na matroni ambaye ni shangazi ya jirani yako.

Kwa nini hatuandiki? Lile dodoso la mashirika manne linaorodhesha sababu ambazo mtu anaweza kuzichagua: halikuwa jambo kubwa, niliona haya, nilihisi nina kosa, niliogopa matokeo, nilijua haitasaidia, sikujua nimwambie nani. Nimezisoma mara nyingi, na kila mara najikuta nimeweka alama mbili. Niliona haya. Nilihisi nina kosa, kwa kuwa nilimjibu mtu bila kumtazama. Na kwa wauguzi wa kiume kuna sababu ya saba isiyoandikwa, ile inayosemwa na wazee wetu: amarira y'umugabo atemba ajya mu nda, machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Nimewaona vijana wenye mabega mapana wakifunika jeraha kwa mkono wa koti, wakisema wamegonga mlango.

Halafu kuna imihigo. Tumezoea, tangu mwaka 2006, kuahidi mbele ya watu na kupimwa kwa tuliyoyaahidi. Mfumo huo umejenga barabara na madarasa, nami nauheshimu. Lakini tukichukua idadi ya vurugu na kuifanya ahadi, kwamba mwaka huu hospitali itapunguza matukio kwa nusu, tutapata nusu kwa wiki mbili. Kila daftari litasema shwari. Nawasihi wakuu walioko hapa: mwaka wa kwanza, na wa pili, namba ikipanda msiulize nani amezembea. Kupanda kwake ndiko kunakoonyesha kwamba watu wameanza kusema. Namba ya vurugu iwe ya kuongozea, isiwe ya kuhukumia.

Mtaniuliza kama hilo linawezekana katika nchi hii. Nawajibu kwamba tumekwisha kulifanya, na kwa jambo zito kuliko kofi. Mwaka 2000 wanawake 1,071 walikuwa wakifa kwa kila vizazi hai 100,000. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2019 na 2020 walikuwa 203. Njia ni nyingi zilizotufikisha hapo, lakini mojawapo ni kwamba tulikaa mezani baada ya kifo cha mama na kuuliza, hatua kwa hatua, aliondoka nyumbani saa ngapi, gari la wagonjwa liliitwa saa ngapi, damu ilifika saa ngapi, bila kutafuta wa kufunga. Mkunga aliyekuwapo alizungumza kwa sababu alijua hatafikishwa polisi kwa kusema ukweli. Kifo kilichokuwa aibu ya mtu mmoja kikawa somo la hospitali nzima. Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Tulijifunza kuyafichua yale ya uzazi, na mama zetu wakapona.

Mtu atasema pia kwamba dunia inahesabu mashambulizi dhidi ya watumishi wa afya. Ni kweli, tena jirani kabisa na hapa. Tarehe 19 Aprili 2019 Dk. Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo wakati wa Ebola. Julai ya mwaka huo ugonjwa ulifika Goma, nasi huku tukanawa mikono mpakani asubuhi na jioni. Shirika hilo lilikuwa na mfumo wake wa kukusanya taarifa za mashambulizi tangu Desemba 2017, na kifo chake kilijulikana duniani kote. Anastahili kukumbukwa. Lakini mfumo huo ulijengwa kwa ajili ya nchi zilizo katika vita na dharura. Muuguzi wa mahali penye amani, aliyepigwa saa nane usiku na baba mwenye hofu, hana pa kuingia. Mwaka 2019 huohuo Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 190 juu ya ukatili na bughudha kazini, unaotaka pia tuangalie watu wasio wafanyakazi, na Rwanda iliuridhia mwaka 2023. Sheria imefika mlangoni. Kinachosubiriwa ni mstari kwenye daftari.

Sasa niseme jambo ambalo wauguzi wenzangu hawatalipenda. Hatuwezi kuhesabu makofi tunayopigwa huku tukikataa kuhesabu maneno tunayowapiga nayo wagonjwa. Kuna mama hapa, sitamtazama, aliyeambiwa wakati wa uchungu, "Ulipokuwa unaitafuta mimba ulipiga kelele hivi?" Kuna mzee aliyerudishwa na kadi ya bima ya mutuelle mkononi bila kuelezwa kwa nini. Visanduku vya maoni vipo ukutani, na mara nyingi kinachoandikwa humo ni juu yetu. Visomwe pamoja na daftari letu, wiki ileile, meza ileile. Safu ya kwanza ya wale Waswidi inauliza nini kilitangulia, na anayeijibu safu hiyo kwa uaminifu atajikuta mara nyingine ameandika neno lake mwenyewe.

Fikirieni lile kofi langu. Nimelikasirikia kwa miaka, na bado nasema halikuwa halali. Lakini chini yake kulikuwa na damu iliyochelewa saa tisa. Kama wauguzi kumi wa hospitali ile wangeandika mwaka ule, kila mmoja kwa zamu yake, "alikuwa anangoja damu", mtu angeuliza juu ya damu. Oktoba 2016 ndege ndogo zisizo na rubani zilianza kuruka kutoka Muhanga zikidondosha damu hospitalini, na chupa iliyokuwa ikisafiri kwa saa nyingi barabarani ikaanza kufika kwa dakika. Watafiti wamehesabu dakika hizo, na damu iliyookolewa isiharibike. Hakuna awezaye kutuambia ndege hizo zimezuia makofi mangapi, kwa kuwa makofi ya kabla yake yaliandikwa shwari.

Naomba basi tuanze na kidogo. Daftari moja la kurasa 200 kwa kila chumba cha kazi. Saa. Aliyefanya: mgonjwa, umurwaza, mgeni. Alikuwa na fahamu zake? Alifanya nini, kwa maneno yaleyale aliyoyasema, hata yakiwa machafu. Nini kilitangulia, na alikuwa amengoja muda gani. Muuguzi alikuwa na sindano mkononi? Nani alituliza. Jina la mgonjwa lisiandikwe kamwe; la muuguzi, akitaka. Kila Ijumaa dakika ishirini za kuyasoma kwa sauti, mkuu wa kituo akisikiliza bila kuandika. Na zamu ambayo haikuwa na tukio muuguzi aandike sifuri kwa mkono wake. Washauri wa afya mnaijua desturi hiyo tangu siku za Ebola, taarifa ya sifuri. Sifuri iliyoandikwa na mtu aliyeangalia ni tofauti na ukurasa mtupu.

Nimekuja na madaftari matatu, yako hapa mezani. Katika mojawapo mstari wa kwanza nimekwisha kuujaza. Saa nane usiku, wodi ya watoto. Baba wa mgonjwa. Fahamu zake anazo, amekunywa. Kofi, sikio la kushoto. Amengoja damu tangu saa moja jioni, ameambiwa "inakuja" mara nne, mara ya mwisho bila kutazamwa. Sindano mkononi: hapana. Waliotuliza: abarwaza watatu.